Mkoa ukitangaza wagonjwa wachache, tuusomeje? Takwimu za milipuko na uwezo wa hospitali, Arusha na Kilimanjaro

Mwalimu wa Majengo (Moshi) anauliza:

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari hapa Moshi, na pia ni mjumbe wa kamati ya afya ya kata yetu. Katika kikao kijacho tutajadili maandalizi ya magonjwa ya mlipuko, na mwenyekiti amenipa kazi ya kuwaeleza wajumbe namna ya kusoma takwimu za mkoa pindi zinapotangazwa redioni au kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Kazi hii nimeipokea kwa moyo mmoja, kwa sababu nimeona tarakimu moja ikitia hofu mtaa mzima na nyingine ikiwafanya watu wabweteke, bila yeyote kuuliza imepatikana vipi.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza linahusu kulinganisha mikoa. Kwa sensa ya 2022, Arusha ina watu 2,356,255 na Kilimanjaro ina watu 1,861,934. Ikiwa mlipuko utatokea na kila mkoa ukatangaza wagonjwa wake, je, inatosha kugawa idadi ya wagonjwa kwa idadi ya watu, kisha nikasema mkoa huu umeathirika kuliko ule? Wajumbe wenzangu wanaona hiyo ni hesabu ya darasa la saba isiyo na ubishi, lakini mimi nina wasiwasi nayo. La pili linahusu hospitali. Tukisikia kwamba hospitali fulani imetenga vitanda 40 kwa wagonjwa wa mlipuko, na kwamba nusu yake bado ni vitupu, tuelewe kuwa kuna nafasi ya wagonjwa wengine 20? Mjumbe mmoja alisema hivyo kwenye kikao kilichopita na kila mtu akaridhika. Naomba anayezifahamu kazi hizi kwa undani anisaidie.

Mtakwimu wa Sakina (Arusha):

Mwalimu, wasiwasi wako una msingi. Nimefanya kazi na takwimu za afya ngazi ya wilaya kwa muda mrefu, tangu enzi za kujumlisha vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) kwa kalamu na kikokotoo, na ningependa wajumbe wako walifahamu jambo moja kabla ya mengine yote. Kabla mgonjwa hajawa tarakimu, anapita hatua nyingi: lazima aamue kwenda kituo cha afya, akutane na mhudumu atakayeushuku ugonjwa husika, achukuliwe sampuli, sampuli ifike maabara ikiwa salama, majibu yatoke, na taarifa iingizwe kwenye mfumo kabla hesabu ya wiki haijafungwa. Katika kila hatua kuna wanaobaki njiani. Mama aliye kwenye boma la Kimaasai huko Longido, mwendo wa nusu siku kutoka zahanati, na mfanyabiashara wa Arusha mjini mwenye bima na gari hawana nafasi sawa ya kuingia kwenye hesabu hiyo, hata wakiugua siku moja.

Mfano mkubwa tunao hapa hapa nchini. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa Arusha, abiria aliyeingia kupitia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akitokea Ubelgiji. Taarifa za taifa ziliendelea kutolewa hadi mwishoni mwa Aprili, na mapema Mei hesabu ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Tarakimu hizo zilibaki kwenye majedwali ya kimataifa kwa zaidi ya mwaka, mpaka utoaji wa takwimu uliporejea katikati ya 2021. Aliyechora grafu ya Tanzania katika kipindi hicho alipata mstari uliolala, na kama hakujua sababu yake angeweza kuandika kwamba ugonjwa ulikoma Mei 2020. Mstari ule ulionyesha ukimya wa taarifa. Nautaja kwa sababu jambo lile lile hutokea kwa kiwango kidogo kila mahali, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia: wiki ambayo vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vimeisha maabara, wagonjwa nao huonekana wamepungua.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza wagonjwa ni wangapi, uliza wamepimwa wangapi na ni akina nani. Tuseme, kwa mfano tu, mkoa mmoja umepima watu 2,000 ukapata wagonjwa 60, na mwingine umepima watu 200 ukapata wagonjwa 40. Wa kwanza una wagonjwa wengi zaidi kwenye tangazo, lakini waliokutwa na ugonjwa ni asilimia 3 ya waliopimwa; wa pili ni asilimia 20, na hapo ndipo ningepeleka wahudumu kwanza, kwa sababu asilimia kubwa kiasi hicho huashiria kwamba wanapimwa wale tu waliozidiwa na kwamba nyuma yao wapo wengi wasioonekana. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza Mei 2020 kwamba asilimia hiyo iwe chini ya 5 kwa wiki mbili kabla nchi haijalegeza masharti yake.

Hata hivyo, asilimia hiyo nayo ina mtego, na mkoa wetu wa Arusha unauonyesha vizuri. Nchi nyingi zilipodai cheti cha PCR, yaani kipimo cha maabara cha virusi vya korona, kwa wasafiri, watalii waliomaliza safari zao walipimwa wakiwa wazima kabisa, ili tu wapande ndege. Ukiwachanganya watu hao na wagonjwa waliofika hospitali wakikohoa, asilimia ya mkoa inashuka ingawa ugonjwa haujapungua hata kidogo. Madereva wa malori pale Namanga nao walipimwa kwa sababu ya kazi yao, kwa hiyo wingi wa wagonjwa miongoni mwao hauwezi kuchukuliwa kama kipimo cha wakazi wa wilaya wanayopita.

Kuhusu kigawanyo chako: sensa ilihesabu watu kulingana na walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Wewe uliye Moshi unaijua Desemba ilivyo, namna Rombo, Marangu na Machame zinavyofurika wenyeji waliotoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko. Mlipuko ukiangukia wiki ya Krismasi, ukagawa kwa watu 1,861,934, utaukuza kuliko ulivyo, maana wagonjwa wametoka katika umati mkubwa zaidi ya huo. Januari watu wakishaondoka, baadhi ya walioambukizwa Rombo watahesabiwa Kinondoni, Dar es Salaam.

Nimalizie na asilimia ya vifo, kwa sababu ndiyo huwatisha watu zaidi. Mlipuko wa Marburg, ugonjwa wa virusi unaoleta homa kali na kutokwa damu, mkoani Kagera mwaka 2023 ulikuwa na wagonjwa 9, kati yao 8 walithibitishwa na maabara na mmoja alihesabiwa kwa dalili na mazingira. Waliofariki ni 6, sawa na theluthi mbili. Ule wa Biharamulo mwanzoni mwa 2025 ulihesabiwa kuwa na wagonjwa 10, wote wakafariki, lakini waliothibitishwa na maabara walikuwa 2 tu, na wengine 8 walitambuliwa baada ya kufuatilia vifo vilivyokwisha kutokea. Mtu akisema mlipuko wa pili ulikuwa mkali zaidi kwa sababu uliua asilimia 100, anasahau kwamba waliougua wakapona kabla ya mlipuko kugunduliwa hawakuwa na njia ya kuingia kwenye hesabu. Kinyume chake ni ile meli ya Diamond Princess iliyowekwa karantini Yokohama, Japani, Februari 2020. Ilikuwa na watu 3,711, karibu wote walipimwa, 712 wakakutwa na virusi, na karibu nusu yao hawakuwa na dalili yoyote siku ya kupimwa. Laiti wangepimwa waliokuwa na homa peke yao, ugonjwa ungeonekana wa watu wachache na wa kuua zaidi.

Muuguzi Mstaafu (Usa River):

Mwanangu Mwalimu, swali la pili niachie mimi. Nimefanya uuguzi katika wodi za magonjwa ya ndani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na wimbi la korona la katikati ya 2021 lilinikuta bado kazini katika hospitali moja ya ukanda huu. Nakuomba uwaambie wajumbe kwamba kitanda kilichotandikwa shuka hakijawa bado nafasi ya mgonjwa. Kinakuwa nafasi pale panapokuwa na muuguzi wa kukihudumia usiku na mchana, na kwa magonjwa ya mapafu, panapokuwa na oksijeni ya kumtosha atakayekilalia.

Wewe ni mtu wa hesabu, basi fanya hesabu ya oksijeni. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuhitaji lita 10 kwa dakika. Hizo ni lita 600 kwa saa na lita 14,400 kwa siku. Mtungi mkubwa una takriban lita 6,800, kwa hiyo mgonjwa mmoja anamaliza mitungi miwili na zaidi kila siku. Vile vitanda 20 mlivyoridhika navyo vikijaa wagonjwa wa namna hiyo, vinahitaji mitungi 42 na ushee kwa siku moja, na kesho yake mingine 42. Mgonjwa akihitaji mtiririko mkubwa wa lita 60 kwa dakika, peke yake anakula karibu mitungi 13. Mashine ndogo za kuvuta oksijeni kutoka hewani husaidia, lakini nyingi hutoa lita 5 au 10 kwa dakika, na umeme ukikatika zinanyamaza zote kwa pamoja.

Ni vigumu kwa asiyewahi kuliona jambo hili kulielewa kwa tarakimu pekee. Saa nane za usiku mshale wa geji umeingia kwenye wekundu. Mtungi mwingine uko stoo ya nje, mlinzi na mhudumu wanaubiringisha ukiwa umeinamishwa, spana ya kufungulia imebaki wodi ya pili, na muda wote huo mwenzako amesimama kichwani mwa mgonjwa akimminyia hewa kwa mkono kwa mfuko wa ambu. Wakati huo wagonjwa wengine kumi na tano wodini hawana muuguzi. Katika taarifa ya asubuhi, wodi hiyo iliandikwa kuwa na vitanda vinne vitupu.

Wauguzi nao wahesabu. Chumba cha ICU, yaani cha wagonjwa mahututi, chenye vitanda 10, hata ukikubali muuguzi mmoja kwa wagonjwa wawili, kinataka wauguzi 5 kila zamu, na zamu ni tatu, yaani 15 kwa siku. Ukiweka mapumziko ya wiki, likizo na wale ambao wenyewe wameugua, unahitaji zaidi ya 20 waliofunzwa kazi hiyo. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao nchi ilipata mwaka 2021 kwa ajili ya UVIKO-19 (korona) ulijenga madarasa, na pia ulileta vyumba vya ICU na mitambo ya kuzalisha oksijeni hospitalini. Nashukuru sana kwa hilo, kwa sababu nimeona kazi ilivyokuwa kabla yake. Lakini mtambo unahitaji fundi, vipuri na jenereta yenye mafuta, na kamati yenu ikitembelea hospitali ningependa iulize habari za fundi kabla ya kupiga picha na mtambo.

Kuna hesabu moja zaidi ambayo watu wengi huikosa. Vitanda vinavyohitajika ni wagonjwa wanaolazwa kwa siku mara siku wanazokaa. Wakilazwa 6 kwa siku na kila mmoja akakaa siku 7, unahitaji vitanda 42. Wakilazwa wale wale 6, lakini safari hii wakakaa siku 12, unahitaji 72. Hospitali imefurika na maambukizi hayajaongezeka hata kwa mtu mmoja. Kinyume chake pia hutokea, na kinauma: vitanda hupungua watu kwa sababu wagonjwa wanafariki haraka, au kwa sababu wananchi wameogopa hospitali na kubaki nyumbani wakijifukiza. Kitanda kitupu kina habari zaidi ya moja, na ukitaka kujua ni ipi, omba idadi ya waliolazwa, walioruhusiwa na waliofariki kila siku, badala ya asilimia ya vitanda peke yake.

Hata asilimia yenyewe huwa ni wastani wa hospitali nzima. Asilimia 80 inaweza kuwa na wodi ya macho iliyo nusu tupu, na wodi ya magonjwa ya ndani ambayo wagonjwa wawili wanalala kitanda kimoja.

Tabibu wa Same:

Niongeze jambo moja kwa walioandika juu yangu, nao wameandika vizuri. Mipaka ya mkoa na mipaka ya rufaa ni vitu viwili tofauti. KCMC, tangu ilipofunguliwa 1971, iko Moshi lakini ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini, hivyo hupokea wagonjwa kutoka Arusha, Manyara na Tanga pamoja na Kilimanjaro. Kibong'oto kule Siha, iliyoanza kama hospitali ya kifua kikuu, sasa ni hospitali maalumu ya magonjwa ambukizi na hupokea wagonjwa wa mbali zaidi ya hapo. Mgonjwa anayetoka Babati akafariki Moshi, akiandikwa kwa mahali alipotibiwa, anaongeza vifo vya Kilimanjaro na kupunguza vya Manyara. Kwa hiyo mkoa wenye hospitali kubwa unaweza kuonekana unaua watu wengi kwa sababu tu ndio unaopokea waliozidiwa.

Mwalimu, kabla ya kulinganisha Arusha na Kilimanjaro hakikisha orodha zote mbili zimepangwa kwa makazi ya mgonjwa. Na uwezo wa hospitali za Moshi usiugawe kwa watu wa Kilimanjaro pekee, maana sisi tunaotoa rufaa tunajua kwamba kitanda kile tunakigombea na wenzetu wa mikoa mingine. Mwaka 2021 kuna siku nilipiga simu ya rufaa nikiwa na mgonjwa anayehema juu juu, nikaambiwa nisubiri. Kwa jedwali la mkoa wangu nafasi ilikuwepo.

Mwalimu wa Majengo (Moshi):

Shikamoo Mama Muuguzi, na ahsanteni nyote. Nimeinakili hesabu ya mitungi kwenye ubao nyumbani na nitaifanya na wajumbe hatua kwa hatua. Naomba niulize jambo la mwisho. Mtakwimu ameeleza wanaobaki njiani kabla ya kuhesabiwa. Je, kuna namna yoyote ya kuwaona baadaye, hasa waliofia nyumbani, au ndio wamepotea moja kwa moja kwenye kumbukumbu?

Mtakwimu wa Sakina (Arusha):

Namna ipo, na kamati ya kata inaweza kuifanya vizuri kuliko mkoa. Badala ya kuuliza nani alikufa kwa ugonjwa gani, unahesabu vifo vyote vya kipindi hicho kwa sababu yoyote ile, kisha unavilinganisha na wastani wa miezi hiyo hiyo katika miaka iliyotangulia. Ziada inayobaki ndiyo kivuli cha mlipuko, wakiwemo waliokufa kwa uzazi au malaria kwa sababu hospitali ilikuwa imezidiwa. Kwa njia hii ilijulikana kwamba katika jimbo la Bergamo, Italia, vifo vya Machi 2020 viliongezeka kwa asilimia 568 juu ya wastani wa miaka mitano ya nyuma. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria mwaka 2022 kwamba dunia ilikuwa na vifo vya ziada milioni 14.9 katika 2020 na 2021, wakati vilivyoripotiwa kuwa vya UVIKO-19 vilikuwa milioni 5.4. Majirani zetu wa Zambia walipita njia nyingine: katika chumba cha maiti cha hospitali kuu ya chuo kikuu jijini Lusaka, watafiti walipima miili katikati ya 2020 wakakuta virusi kwa kati ya asilimia 15 na 20 ya waliopimwa. Wengi wao walikuwa wamefia nje ya hospitali, na wachache mno walikuwa wamewahi kupimwa wakiwa hai.

Kwenu huko, anzeni na vibali vya mazishi na madaftari ya watendaji wa mitaa, kisha mwombe vitabu vya parokia, vya usharika na vya msikiti. Chukueni angalau miaka mitatu kabla ya 2020 ili mpate wastani wa kuaminika, na kwa kuwa mtaa mmoja una vifo vichache kwa mwezi, jumlisheni kwa miezi mitatu mitatu. Vinginevyo mtaa uliotoka kifo 1 hadi vifo 3 utaonekana umepata ongezeko la asilimia 200, na mtu ataliandika kwenye WhatsApp.

Kwa Kilimanjaro kuna tahadhari ya pekee ambayo naomba isiachwe. Watu wengi hufia Dar es Salaam, Arusha au Mwanza na kuletwa kuzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa hiyo makaburi mapya ya kijiji si hesabu ya vifo vya kijiji. Mwombeni mtendaji atenge safu mbili kwenye daftari, moja ya waliofia hapo na nyingine ya walioletwa kuzikwa, na kwa miaka ya nyuma mzitafute familia zenyewe mziulize, kwa sababu wao wanakumbuka msiba ulitokea wapi.